Tapeti Ikinyamaza, Shtuka: Kuseti Nafasi ya Vavu za Pikipiki Yako Nyumbani

Lalamiko ambalo fundi wa pikipiki mjini Sumbawanga hachoki kulisikia ni kwamba tapeti zinalia. Mwenye pikipiki anafika akitoka kazini, injini bado inachoma mkono, na anachotaka ni kelele iishe. Fundi mwenye haraka anafungua kava, anakaza skrubu huku ametega sikio, na kelele inaisha kweli. Hela inalipwa, wanaagana vizuri. Wiki chache baadaye, asubuhi ya baridi ya Juni, pikipiki hiyohiyo inapigwa kiki hadi mguu unauma, na ikishawaka haina nguvu hata ya kumpandisha abiria mmoja.

Nataka kukushawishi mambo mawili, ndugu msomaji. La kwanza, kelele ndogo ya tapeti si ugonjwa. Ukimya wake ndio wa kuogopa. La pili, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, asubuhi ya Jumapili, ukiwa na spana chache na kipimo kimoja ambacho bei yake haifiki bei ya tairi la nyuma.

Tuanze na kinachotokea ndani. Injini ya pikipiki ya kawaida ina vavu mbili: moja ya kuingiza hewa na mafuta, nyingine ya kutoa moshi. Kila vavu inasukumwa na roka, na roka inasukumwa na kamshafti, moja kwa moja au kupitia fito ndefu za chuma. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vavu hufunguka na kufunga mara 3,000 kwa dakika hiyo, yaani mara 50 kila sekunde. Chuma kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo waliounda injini waliacha nafasi ndogo kati ya roka na kichwa cha vavu, ili injini ikipata joto vavu ibaki na uwezo wa kufunga kabisa. Kwenye Honda CG125, nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa vavu zote mbili, injini ikiwa baridi. Ni pungufu kidogo ya unene wa karatasi ya ofisini.

Nimeitaja CG125 kwa makusudi. Honda waliiunda katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mikubwa na kuhudumiwa kwa nadra, na injini yake ndiyo iliyoigwa na viwanda vingi vya China. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zinazopita Mazwi na Katandala ni watoto na wajukuu wa injini hiyo. Hata hivyo usiichukue namba ya 0.08 ukaitumia kila mahali. Boxer ina namba zake, TVS ina zake, na katika injini nyingi vavu ya moshi hupewa nafasi pana kuliko ya hewa. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kama kitabu kilipotea, muulize wakala anayeuza aina hiyo, kisha uiandike kwa rangi isiyofutika chini ya kiti.

Sasa kuhusu ukimya. Nafasi ikizidi, roka inagonga kichwa cha vavu kwa nguvu na unasikia ule mlio mkavu wa tapeti. Vavu inafunguka kwa kuchelewa na inafunga mapema, nguvu inapungua kidogo, na baada ya muda mrefu roka na kichwa cha vavu vinalika. Ni hasara, lakini ni hasara inayopiga hodi. Nafasi ikipungua mno, mambo ni tofauti kabisa. Vavu ya moshi inaishi ndani ya miale ya moto, na sehemu kubwa ya joto lake huondoka pale tu inapokuwa imekaa kwenye kiti chake, ikigusana na chuma cha silinda hedi. Ikikosa kukaa vizuri kwa sababu roka imeibana, haipoi. Gesi za moto zinapenya pembeni na kuula ukingo wake, kompresheni inapotea, na mwisho wake ni vavu mpya, kusaga kiti, pengine hedi nzima. Katika mchakato wote huo tapeti haitoi mlio wowote. Injini inasikika tamu kuliko ya jirani.

Na ubaya zaidi ni kwamba nafasi hiyo mara nyingi hupungua yenyewe. Kadiri vavu inavyopigapiga kiti chake, kiti hulika taratibu, vavu inazama ndani ya hedi, na kichwa chake kinapanda kuelekea roka. Kwa hiyo pikipiki ambayo miezi sita iliyopita ilikuwa ikilia kidogo na leo imetulia bila kuguswa na mtu haijapona. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa kwanza.

Hapa Ufipa kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini inayovuta hewa pungufu hutoa nguvu pungufu. Ikiwa na kabureta lililosetiwa pwani, mafuta huzidi hewa, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, na moshi unanuka petroli. Mtu aliyenunua pikipiki Dar na kuipandisha huku kwa lori huiona imekuwa goigoi, akaambiwa ni tapeti. Kabla hujagusa vavu, toa plagi uitazame. Ikiwa nyeusi na kavu, na pikipiki inawaka vizuri kwa kiki moja au mbili, anza na kabureta na kichujio cha hewa. Vavu iliyobanwa ina dalili zake: kiki inakuwa laini kwa sababu kompresheni haipo, kuwaka kunakuwa shida hasa injini ikiwa baridi, pikipiki inazima unaposimama, na mara nyingine inalipuka kwenye bomba la moshi ukiachia mafuta.

Anayefanya kazi ya barabara ya Ntendo hadi Muze anahitaji uangalifu wa pekee. Unateremka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Ziwa Rukwa, tofauti ya karibu mita 1,000, kisha unarudi na gunia la mchele au tenga la samaki na abiria juu yake. Kupanda kule ni gia ya kwanza na ya pili, injini ikivuta kwa nguvu zake zote huku pikipiki ikienda polepole na upepo wa kuipoza ukiwa mdogo. Vavu ya moshi hupata moto pale kuliko mahali popote mjini. Pikipiki ya kuzunguka Majengo na stendi inaweza kuvumilia seti mbovu kwa miezi. Ya Muze haivumilii.

Vifaa si vingi. Unahitaji spana ya plagi, spana za kava, spana ndogo ya nati ya tapeti (kwenye pikipiki nyingi ni namba 9 au 10), na bisibisi au kifaa kidogo cha kushika kichwa cha skrubu. Kwenye injini za ukoo wa CG kichwa hicho kina pembe nne, na watu huking'ang'ania kwa koleo mpaka kikawa mviringo. Usifanye hivyo. Tafuta kifaa chake, au mwombe mchomeleaji akutengenezee kwa kipande cha bomba dogo kilichopondwa kikawa mraba. Halafu fila geji, kile kipimo cha majani membamba ya chuma nilichokitaja mwanzo. Hii haina mbadala wa kweli. Unapoinunua, funua majani yake dukani usome namba: seti nyingi ni za magari, zina majani mengi mazito na machache membamba. Hakikisha ina 0.05, 0.08 na 0.10. Ikikosa 0.08 lakini ina 0.03 na 0.05, mawili hayo yakifutwa mafuta na kuwekwa pamoja yanatosha.

Watu hutumia kipande cha karatasi au cha kopo. Karatasi hubonyea na unene wake haujulikani. Kopo ni nene mno. Kama umekwama kijijini Mtowisa bila kipimo chochote, wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.10 na haubonyei. Kwa injini ya 0.08, wembe ukipita kwa ulaini ujue nafasi imezidi. Hiyo ni njia ya kukagua na kukufikisha nyumbani. Kuseti ufanye na kipimo halisi.

Kazi yenyewe huanza jioni ya siku iliyotangulia. Osha injini, hasa kuzunguka hedi na plagi, kwa sababu vumbi la barabara zetu likidondokea ndani litafanya kazi ya msasa. Ilaze pikipiki usiku kucha bila kuiwasha. Hili la injini baridi ndilo linalovunjwa zaidi na ndilo la maana kuliko yote, kwani namba ya kitabu ni ya injini baridi. Honda husema chini ya nyuzijoto 35. Wapo wanaouliza kama baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba inaharibu kipimo, kwamba huenda waseti upya wakishuka Kasanga kwenye joto la Ziwa Tanganyika. La, tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na moto wa injini inayofanya kazi. Wa kujihadhari ni yule wa bondeni anayeseti saa saba mchana mwezi wa kumi, pikipiki ikiwa imeachwa juani. Chuma hicho kinaweza kuvuka nyuzi 35 bila hata kuwashwa. Huyo afanye alfajiri.

Asubuhi, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka nyutro, toa plagi. Bila plagi injini inazunguka kwa mkono bila kukupinga. Fungua kava la tapeti, na upande wa kushoto fungua kava la magneto au vile vizibo viwili vyake: cha katikati kinakupa nati ya kuzungushia, cha juu ni dirisha la kuangalia alama. Zungusha kinyume cha mwendo wa saa, ukiwa upande huo wa kushoto, kwa injini za ukoo huu. Utaona herufi T imechongwa kwenye magneto. Ilinganishe na alama ya kwenye kava. Hapo pistoni iko juu kabisa.

Simama hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wa ufundi hukosea. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi. Mara moja ni mwisho wa kubana hewa, vavu zote zimefunga. Mara nyingine ni mwisho wa kutoa moshi, vavu ya moshi inamalizia kufunga na ya hewa imeanza kufunguka. Alama ya T inaonekana mara zote mbili. Unayoitaka ni ya kwanza. Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zote zikicheza kidogo, uko mahali sahihi. Hata moja ikiwa imekaza, zungusha injini duara moja zima hadi T irudi, ujaribu tena. Je, bado moja imekaza? Basi huenda hiyo ndiyo vavu iliyobanwa, na umepata ugonjwa wako. Kuhakikisha, ziba tundu la plagi kwa kidole huku ukizungusha: upepo ukikisukuma kidole, pistoni inapanda katika kubana hewa. Vavu iliyoungua inaweza kuufanya upepo huo uwe dhaifu, hivyo kuwa makini.

Ingiza jani la 0.08 kati ya roka na kichwa cha vavu, likiwa limelala sawasawa, bila kulikunja. Linapaswa kupita kwa kusugua kidogo, kama karatasi unayoichomoa kutoka ndani ya kitabu kilichofungwa. Vidole vya watu hutofautiana, kwa hiyo usitegemee hisia peke yake. Jaribu na jani la 0.10: likikataa kuingia na la 0.08 likapita, nafasi ni sahihi na huna haja ya kugusa kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu akishafungua kava huona lazima arekebishe kitu. Ukikuta sawa, andika tarehe na kilomita, funga.

Ikihitaji kurekebishwa, legeza nati, zungusha skrubu taratibu huku jani likiwa ndani, kisha ishikilie skrubu isisogee unapokaza nati. Nati ikikazwa hupenda kuvuta skrubu pamoja nayo, na nafasi uliyoipata inapungua bila wewe kujua. Kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Siyo baadaye, ni hapohapo, kila mara. Kukaza kwenyewe kuwe kwa kiasi. Nati hizi ni ndogo, na anayetumia nguvu za mkono mzima hukata uzi. Ukimaliza vavu zote mbili, zungusha injini duara mbili kamili, irudishe kwenye T ya kubana, upime kwa mara ya mwisho. Mara nyingi utakuta moja imehama kidogo. Ni kawaida, irudie.

Ukijikuta kati ya vipimo viwili, acha upande wa upana. Milimita 0.09 kwenye injini ya 0.08 haitaumiza chochote, lakini 0.06 kwenye vavu ya moshi inapanda kutoka Muze na hatari yake.

Kabla ya kufunga kava, tazama gasketi au oringi. Ikiwa imekauka na kupasuka, ibadilishe, kwani mafuta yakivuja pale hutiririka kwenye silinda yenye moto na kukusanya vumbi. Boliti za kava hukaa kwenye aluminiamu. Zikaze kwa zamu, sio moja hadi mwisho. Kama muda wa kubadilisha oili umekaribia, fanya siku hiyohiyo.

Washa, uache ipate joto, usikilize. Mlio mwembamba na wa mpangilio ni sawa. Kama kuna kelele kubwa bado, na umepima vizuri, usirudi kukaza tapeti. Pikipiki zenye kamshafti juu ya hedi, Boxer na TVS zikiwemo, zina cheni ya taimingi. Cheni hiyo au kikazio chake kikichoka, hulia kama mnyororo unaoburutwa, na mara nyingi husikika zaidi unapoachia mafuta ghafla. Kelele ya namna hiyo haina uhusiano na skrubu zako mbili. Ipeleke kwa fundi ukiwa na namba ulizopima mkononi, na fundi mzuri atafurahi kuzipata.

Kuhusu muda, kwa pikipiki ya biashara napendekeza kila kilomita 3,000 hadi 4,000, na kwa ile ya bondeni isivuke 3,000. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku atafika huko ndani ya mwezi mmoja na kidogo. Pikipiki mpya ikaguliwe mapema zaidi, kama kitabu chake kinavyosema kuhusu huduma ya kwanza, kwa kuwa vyuma vipya vinakaliana katika kilomita zile za mwanzo na nafasi hubadilika haraka.

Na wenye magari? Vijana wa mjini wenye Altezza huniuliza kama wanaweza kujifanyia haya uani. Kwa gari hilo, jibu langu ni hapana. Injini zake, kama za IST, hazina skrubu ya tapeti. Kurekebisha ni kutafuta kipande cha chuma chenye unene maalumu, na kukibadilisha kunalazimu kamshafti kutoka na taimingi kusetiwa upya. Unachoweza kufanya nyumbani ni kupima na kuandika. Kubadilisha mwachie fundi mwenye vifaa. Habari njema ni kwamba injini hizo hukaa muda mrefu sana bila kuhitaji. Mwenye Land Rover ya zamani ya petroli ya lita 2.25, na huku Rukwa bado zipo, ana bahati: vavu zake nane zote ni milimita 0.25, kwa skrubu na nati, na kazi ni hii hii. Hata magari ya mbio hayakuwa na siri tofauti. Porsche 911 za zamani zilizopozwa kwa hewa zilisetiwa kwa skrubu na nati, milimita 0.10, vavu 12. Peugeot 404 ambayo Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda nayo mbio za East African Safari mwaka 1966 na tena 1967, nayo ilikuwa na roka za kurekebishwa kwa mkono. Ukiweza kuiseti CG vizuri, mkono wako umeshajifunza sehemu iliyo ngumu.

Wenye mashine za kusaga za dizeli za silinda moja, ambazo zinafanya kazi kutwa nzima msimu wa mahindi, nao wajue kwamba hili linawahusu. Nafasi za injini hizo ni pana zaidi kuliko za pikipiki, na namba yake iko kwenye kitabu cha injini. Zipimwe asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, siyo jioni mashine ikiwa moto.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa vijiwe vya bodaboda, kuanzia stendi ya Sumbawanga hadi Laela, Matai na Namanyere. Mnachanga kwa misiba na kwa wagonjwa. Changeni pia mnunue fila geji moja nzuri kwa kila kijiwe, akabidhiwe mtu mmoja aitunze ikiwa imepakwa mafuta isishike kutu, na kila mwanachama aandike kwenye daftari tarehe, kilomita na namba alizozikuta kabla ya kurekebisha. Vavu ya moshi ambayo nafasi yake inapungua kila mnapoipima inalika, na daftari litawaonyesha hilo mapema, pikipiki ikiwa bado inafanya kazi na hela ya kusaga kiti bado inaweza kupangwa.